Nenda Kama Maji, Urudi Kama Maji



Wahenga wetu wametuachia neno lisemalo: tembea uone. Neno hili ni fupi, lakini ndani yake mna swali ambalo wengi wetu hatujiulizi. Mtu aliyetumwa safari kwa ajili ya kazi, tena kwa fedha zisizo zake, anayo rukhsa ya kutazama kiasi gani? Na akiisha kutazama, anadaiwa nini na wale waliomtuma? Mimi nalijiuliza swali hili kwa kuchelewa, na kuchelewa huko kulinitia aibu ambayo sijaisahau mpaka leo. Kwa ajili hiyo nimeona ni vyema niandike khabari za safari yangu ya mji wa Istanbul, katika nchi ya Uturuki, ili msomaji afurahi kwa yale yaliyopendeza, na apate mazingatio kwa yale niliyokosea.

WOSIA WA MAMA

Mimi ni fundi katika idara ya maji ya mji mmoja mdogo wa mwambao wetu. Mwezi wa Oktoba, 2024, nalichaguliwa kuhudhuria mkutano wa siku nne wa watu wa kazi yetu kutoka nchi nyingi, uliofanyika Istanbul. Nauli, malazi na chakula cha siku hizo nne vililipwa na ofisi. Mkubwa wangu alinipa karatasi yenye mambo matatu aliyotaka nijifunze, na la kwanza lilikuwa hili: namna ya kugundua maji yanayopotea chini ya ardhi katika mabomba yaliyochakaa.

Usiku wa kuamkia safari nalikwenda kumuaga mama yangu mzazi. Nalimsimulia kwa furaha majumba na misikiti ya mji huo ambayo nalikuwa nimeyaona katika picha. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ni nani anayekulipia?"

Nalimjibu: "Ni ofisi, mama."

Akasema: "Ofisi haina mfuko. Wanaokulipia ni watu wa ndoo. Yule bibi wa nyuma ya msikiti anayenunua ndoo mbili asubuhi na moja jioni, yeye ndiye anayekulipia nauli. Nenda ukatazame, Mungu akulinde, lakini usile siku za watu wa ndoo."

Nalimweleza kwamba nimeomba likizo ya siku mbili baada ya mkutano, na kwamba gharama ya siku hizo nitaibeba mwenyewe. Akaridhika, akaniombea dua, nami nikaondoka nikidhani nimekwisha kulipa deni la wosia wake.

MJI WA MABARA MAWILI

Istanbul ni mji wenye watu zaidi ya milioni 15, nao umekaa juu ya mabara mawili. Katikati yake hupita mlango wa bahari uitwao Bosphorus. Ng'ambo moja ni Ulaya, na ng'ambo ya pili ni Asia. Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka kwa vyombo kwenda kazini, kama watu wa Kigamboni na wa Likoni wavukavyo kwao, tofauti ni kuwa hawa hulala bara moja na kufanya kazi bara jingine. Chomboni huuzwa chai na mikate ya mviringo iliyopakwa ufuta, na abiria huwarushia shakwe vipande vya mikate hiyo, nao huvidaka hewani.

Asubuhi ya kwanza nalishuka chini hotelini, na kijana wa mapokezi, ambaye ndevu zilikuwa hazijamtoka sawasawa, akanitazama akaniambia: "Merhaba!" Nalishituka kidogo. Kwetu sisi marahaba ni jibu la mkubwa kwa mdogo aliyemwamkia shikamoo, na mimi sikuwa nimemwamkia kijana yule, wala sikuwa na nia ya kumwamkia! Baadaye nikafahamu kwamba kwa Waturuki neno hilo ni salamu ya kawaida ya mtu kwa mtu. Neno ni lile lile la Kiarabu lenye maana ya kumkaribisha mtu. Kwao limekaa mlangoni, na kwetu limekaa katika kinywa cha mzee.

Tangu hapo nikawa nategea sikio. Nalisikia kitap, nikajua ni kitabu. Kalem ni kalamu, defter ni daftari, sabun ni sabuni, sandık ni sanduku, na haber ni habari. Dakika ni dakika vile vile, bila kubadilika hata herufi moja. Watu wasiojuana, waliotenganishwa na bahari na majangwa, wamechota katika kisima kimoja cha maneno.

Jambo jingine dogo nitalitaja kwa adabu, kwa kuwa msafiri Mwislamu atalifahamu. Mtu aliyezoea kwenda nchi za Ulaya hujua taabu ya kutafuta maji msalani, na wengi husafiri na chupa mkobani. Istanbul sikuihitaji chupa yangu. Katika kila msala nilioingia, wa hotelini, wa mkutanoni na wa kituo cha treni, palikuwa na bomba dogo la kutawadhia. Hapo moyo wangu ulituama, nikajiona siko mbali sana na nyumbani.

ALASIRI NILIYOITOROKA

Siku ya kwanza ya mkutano nalihudhuria yote, nikaandika karatasi nyingi. Jirani yangu katika kiti cha kulia alikuwa mhandisi mzee wa Kituruki, mtu mpole, mwenye kuandika kwa kalamu ya wino. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuazima, lakini twalielewana.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, mwenzangu mmoja kutoka Afrika Magharibi aliniambia kwamba somo la alasiri halina maana kwetu, twende tukaone birika la kale lililo chini ya ardhi, tutarudi kabla hawajatuona. Nalitazama ratiba, nikaona kichwa cha somo kinakhusu hesabu za usiku. Nikadhani ni mambo ya wahasibu. Nikaenda.

Nami nakiri, ndugu msomaji, kwamba niliyoyaona yalinishangaza. Birika hilo huitwa Yerebatan, yaani lililozama ardhini. Lilijengwa mwaka 532 kwa amri ya Kaisari Justinian, wakati mji ungali ukiitwa Constantinople. Unashuka ngazi kutoka barabara yenye makelele, na ghafula unajikuta katika ukumbi mkubwa wa giza na ubaridi, wenye nguzo 336 zilizopangwa safu 12, kila nguzo ikienda juu mita 9. Chini ya nguzo mbili katika pembe ya mwisho mna vichwa vya mawe vya sanamu ya kale, kimoja kimelazwa ubavu na kingine kimepinduliwa. Siku hizi maji ni machache tu, ya kufunika sakafu, lakini likijaa liliweza kuhifadhi karibu lita milioni 80. Nalikokotoa palepale: ni ndoo milioni 4 za lita 20.

Yasimuliwa pia kwamba katika karne ya 16 msafiri mmoja Mfaransa, Pierre Gilles, aliwakuta watu wa mtaa ule wakiteremsha ndoo katika matundu ya sakafu za nyumba zao, wakipata maji na hata samaki, na wengi hawakujua walikuwa wakiishi juu ya kitu gani. Hazina ilikuwa chini ya miguu yao, nao wakiichota kwa ndoo pasipo kuijua.

Twalirudi mkutanoni jua likikaribia kuchwa. Yule mzee wa Kituruki alikuwa akikusanya karatasi zake. Akaniambia kwa upole: "Kiti chako kilikuwa kitupu. Nilidhani umeugua." Kisha akaniambia kuwa somo la alasiri lilikuwa zuri sana, kwani lilikhusu namna ya kugundua maji yanayopotea kwa kupima mwendo wa maji usiku wa manane. Hizo ndizo zilizokuwa hesabu za usiku! Lilikuwa jambo la kwanza katika karatasi ya mkubwa wangu, nami nalikuwa nimesimama chini ya ardhi nikihesabu nguzo.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nalimkumbuka yule bibi wa nyuma ya msikiti na ndoo zake tatu. Nalikuwa nimehesabu ndoo milioni 4 za Kaisari, na ndoo tatu za jirani yangu nimezisahau.

MSAFIRI NA MGENI

Asubuhi nalimwendea yule mzee nikamweleza ukweli wote, wala sikujificha nyuma ya maradhi aliyonidhania. Hakunicheka, wala hakunilaumu. Akasema: "Mkutano ukiisha, jioni ya Alhamisi, njoo nyumbani kwangu. Nitakufundisha nilichokisikia." Nami nikaenda.

Nyumba yake iko Üsküdar, upande wa Asia. Twalipanda chombo tukavuka, kisha tukapanda kilima kwa miguu. Mlangoni palipangwa viatu kama mlangoni pa msikiti, na kila mgeni hupewa ndara za kuvaa ndani. Mama yake, bibi wa miaka zaidi ya 80, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Wajukuu walioingia walimbusu mkono, kisha wakaugusisha kwenye paji la uso. Nami nikafanya vivyo hivyo, kwani kwetu pia watoto walibusu mikono ya wazee kabla desturi haijaanza kulegea.

Mara nikapitishiwa chupa ya manukato yenye harufu ya limau, nikamiminiwa viganjani. Waturuki huyaita kolonya, na kila mgeni humiminiwa. Nalicheka peke yangu, nikakumbuka mrashi wa nyumbani na marashi ya mawaridi yanayonyunyizwa kwa wageni wa harusi na maulidi. Wakaniuliza kwa nini nacheka, nikawaeleza, na bibi akafurahi sana kusikia kwamba mbali huko kuna watu wampokeao mgeni kwa harufu nzuri.

Kisha ikaja chai. Huko chai hupikwa kwa birika mbili zilizopandana: ya chini ina maji, na ya juu ina chai kali, na kila mtu huchanganyiwa kiasi chake. Hunywewa bila maziwa, katika bilauri ndogo zilizobanwa kiunoni. Mimi nilipomaliza ya kwanza nikajaziwa ya pili, nikaona ni adabu kuimaliza. Nikajaziwa ya tatu, nikamaliza. Hata ilipofika ya saba, nikiwa katika dhiki, mjukuu mmoja akanionea huruma. Akaniambia kwamba aliyetosheka hulaza kijiko juu ya bilauri. Kama angaliniambia mapema ningalilala vizuri zaidi usiku huo!

Baada ya chakula kila mtu alimwambia mke wa mzee maneno haya: "Ellerine sağlık", maana yake mikono yako iwe na afya. Hakuna anayeondoka mezani bila kuyasema, hata watoto. Tena barabarani, ukimpita mtu yuko kazini, awe anafagia au anapakua mizigo, humwambia "Kolay gelsin", yaani ikujie kwa wepesi. Hilo lilinipendeza mno, kwa sababu ni ndugu wa neno letu la pole na kazi, ambalo mataifa mengi hayana.

Lakini lililonigusa zaidi ni neno moja ambalo bibi alilirudia kila aliponielekezea kidole: misafir. Nalidhani anasema kwamba mimi ni msafiri, nikaitikia kwa kichwa. Mzee akanisahihisha. Kwa Kituruki misafir maana yake ni mgeni. Neno ni lile lile moja. Sisi tumelichukua kwa upande wa anayetembea, wao wamelichukua kwa upande wa anayempokea. Msafiri wa nchi moja ni mgeni wa nchi nyingine, na mgeni ana haki zake, lakini ana wajibu wake pia.

SOMO LA USIKU WA MANANE

Meza ikiisha kusafishwa, mzee alileta karatasi zake, akanifundisha. Nitalieleza somo hilo kwa ufupi, kwa kuwa linamfaa kila mtu mwenye bomba nyumbani kwake.

Mchana maji hutumiwa na watu, na hapana njia rahisi ya kujua ni kiasi gani kimetumiwa na ni kiasi gani kimevuja. Lakini baina ya saa nane na saa kumi za usiku watu wengi wamelala. Ukifunga mita katika bomba moja linaloingia mtaani, ukayapima maji yanayopita saa hizo, sehemu kubwa ya yale unayoyaona ndiyo yanayovuja. Kisha utaufunga mtaa vipande vipande kwa koki, ukitazama ni kipande gani kikifungwa mwendo wa maji hupungua. Hapo ndipo penye ufa. Mwishowe fundi hutembea juu ya bomba na kijiti cha kusikilizia, akitega sikio kwa mlio wa maji yatokayo kwa nguvu.

Mzee akaongeza: "Nyumba nzima inapolala, bomba lisilolala ndilo lenye ugonjwa."

Nalimwuliza kama mji wao mkubwa uliwahi kupata shida ya maji. Akaguna. Akanieleza kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 Istanbul ilikuwa na kiu kali, na watu walisimama foleni na vyombo vyao mitaani, kama watu wa miji mingi ya kwetu. Leo sehemu ya maji yake hutoka katika mto Melen, zaidi ya kilomita 150 upande wa mashariki, nayo hupita katika bomba lililochimbiwa njia chini ya mlango wa bahari, yakatoka Asia kwenda Ulaya. Hata hivyo, alisema, mvua ikikosekana mwaka mmoja, wenye mji huanza kutazama mabwawa kwa khofu.

SIKU ZANGU MBILI

Ijumaa na Jumamosi zilikuwa siku zangu halali, nami nalizitembelea kwa moyo mweupe. Jambo la ajabu ni kwamba, baada ya somo lile, sikuweza tena kutazama jengo kwa jicho la mtalii tu. Kila nilipokwenda nalitafuta maji.

Nalisimama chini ya daraja la maji liitwalo la Valens, lililojengwa katika karne ya 4. Limebaki zaidi ya mita 900, na mahali penye kimo zaidi hufika karibu mita 29, na magari hupita chini ya matao yake. Lililetwa na Warumi, lakini masultani walioutwaa mji mwaka 1453 hawakulivunja. Walilitengeneza, wakaendelea kulitumia. Mwenye akili hakivunji chombo cha maji kwa sababu kilifinyangwa na mtu mwingine.

Nalifika pia Taksim, uwanja ujulikanao duniani kote kwa maduka na makundi ya watu. Wengi wapitao hapo hawajui kwamba jina lenyewe ni la kazi yetu. Taksim ni neno la Kiarabu lenye maana ya kugawa, nalo lilitokana na jengo la mawe lililojengwa zama za Sultani Mahmud wa Kwanza, katika miaka ya 1730, mahali ambapo maji yaliyotoka misituni yaligawanywa kwenda mitaani. Jengo hilo lingalipo pembeni ya uwanja.

Mbele ya lango la kasri la Topkapı nalikaa kitako kwa saa nzima nikiitazama chemchemi ya Sultani Ahmed wa Tatu, iliyojengwa mwaka 1728. Pande zake nne zina mabomba ya kuchotea, na katika pembe zake nne mna madirisha yenye vyuma, ambamo zamani mtumishi alikaa ndani akiwapa wapita njia vikombe vya maji bila malipo. Madirisha hayo huitwa sebil. Sisi hatuhitaji mkalimani wa neno hilo, kwani kwetu kusabilia kitu ni kukitoa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Ijumaa nalisali katika msikiti wa Süleymaniye, uliomalizika mwaka 1557, kazi ya mjenzi mkuu Sinan. Ubavuni mwake mna safu ndefu ya mabomba yenye vigoda vya mawe, na watu wengi hutawadha kwa mara moja bila kusukumana. Huyo Sinan ndiye pia aliyejenga, kwa amri ya Sultani Süleyman, mifereji iitwayo Kırkçeşme, maana yake chemchemi arobaini, iliyoleta maji ya misituni mpaka mjini. Mafuriko ya mwaka 1563 yaliyaharibu madaraja yake, naye akayajenga upya.

Hapo nalijiuliza: je, kujenga ni kugumu? Ni kugumu, lakini hata kwetu tunajenga. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, aliuletea mji wake maji safi kwa mabomba kutoka Chemchem. Na katika miji yetu ya pwani hapana msikiti wa kale usiokuwa na kisima chake na birika lake. Linalotushinda ni kutunza. Nalimuuliza mzee siri ya vitu hivi kudumu, naye akanijibu kwa neno moja: wakfu.

Akanifahamisha kwamba mtu aliyejenga chemchemi hakutoa chemchemi peke yake. Alitoa pamoja nayo duka, au nyumba ya kupanga, au shamba, na akaandika katika hati kwamba mapato yake ni ya matengenezo na ujira wa watunzaji. Walikuwako mafundi maalumu wa njia za maji, na vijiji vilivyokuwa kando ya mifereji vilisamehewa baadhi ya kodi ili watu wake wailinde na kuisafisha. Wala haikuwa kazi ya wanaume tu. Mihrişah, mama yake Sultani Selim wa Tatu, ndiye aliyetoa mali likajengwa bwawa moja katika msitu wa kaskazini mwa mji mwaka 1796, na mpaka leo huitwa Bwawa la Mama wa Sultani.

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nyuma ya msikiti wetu lipo bomba lililojengwa na watu wema miaka mingi iliyopita. Siku ya kulifungua tulisoma dua, tukala pilau, tukapiga picha. Mwaka wa tatu koki ilikufa, na hakuna aliyejua ni kazi ya nani kununua nyingine. Bomba lilikauka. Na ndiyo maana yule bibi hununua ndoo tatu kila siku, na hali bomba liko hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Sisi tulisabilia bomba, lakini hatukusabilia koki.

KUAGANA

Usiku wa mwisho mzee alikataa katakata nilale hotelini, nikalala kwao. Jumapili alfajiri, gari ya kunipeleka uwanja wa ndege ilipofika, bibi alishuka taratibu mpaka mlangoni, akiwa na chombo cha maji mkononi. Gari ilipoanza kwenda, akayamwaga maji barabarani nyuma yetu. Nalidhani ameteleza. Mzee akaniambia kuwa hiyo ndiyo desturi yao ya kumuaga msafiri wampendaye, na husema maneno haya: "Su gibi git, su gibi gel." Maana yake ni nenda kama maji, urudi kama maji, yaani safari yako iteleze bila kizuizi, nawe urejee salama.

Mimi nikiwa fundi wa maji, nalilifasiri neno lile kwa njia yangu pia. Maji hayaendi mahali yakarudi mikono mitupu. Hupanda angani, kisha huirudia ardhi iliyoyatoa, yakaiotesha.

KURUDI

Nilipofika nyumbani nalimwendea mama kabla ya kwenda ofisini, nikamweleza kila kitu, hata alasiri niliyoitoroka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Umewalipa?" Nikamwambia bado. Akasema: "Basi usisimulie majumba mpaka umelipa."

Nalimweleza mkubwa wangu vile vile, nikampa karatasi za somo. Hakufurahi kwa kosa langu, wala hakulificha hilo, lakini akaniruhusu nijaribu. Twalichagua mtaa mmoja, tukafunga mita, tukakesha. Saa tisa ya usiku, mtaa mzima ukiwa umelala, mshale wa mita ulikuwa ukizunguka kama mchana. Usiku wa nne tukaupata ufa chini ya barabara, mahali ambapo majani yalistawi hata wakati wa kiangazi, na sisi sote tulikuwa tukiyapita kila siku tukiyasifu kwa ukijani wake.

Ama bomba la msikitini, nalisimama baada ya sala ya Ijumaa, nikawaeleza jamaa khabari ya chemchemi zilizopewa maduka. Mzee mmoja akatoa chumba kimoja cha duka kilicho mbele ya nyumba yake, akaandika mbele ya mashahidi kwamba kodi yake ni ya bomba. Kodi ya mwezi wa kwanza ilinunua koki mpya na kumlipa fundi. Ni jambo dogo, wala sisemi kwamba limemaliza shida yetu. Lakini asubuhi moja nalimwona yule bibi akichota, na hakuwa akinijua kama mimi ndiye niliyekula alasiri yake moja huko Istanbul. Nalimwamkia, akaitikia marahaba. Safari hii neno lilikuwa mahali pake.

NASAHA KWA WASAFIRI

Ndugu wasomaji, siku hizi vijana wetu wengi, wake kwa waume, hupelekwa nchi za nje kwa mikutano na mafunzo. Kwao nawausia mambo machache niliyoyanunua kwa aibu.

Kwanza, watenge siku za kazi na siku zao wenyewe, na za kwao wazilipie. Kutazama dunia si dhambi, bali ni ibada kwa mwenye mazingatio. Lakini saa uliyolipiwa ni amana.

Pili, wasidharau vitu vidogo. Majengo makubwa utayakuta katika picha, lakini kijiko juu ya bilauri, manukato viganjani, na dua ya mikono ya mpishi hutayapata ila kwa kuingia nyumba za watu kwa adabu. Mimi nimeileta dua ile nyumbani kwangu. Siku ya kwanza mke wangu alicheka. Siku hizi nikiisahau hunikumbusha.

Tatu, aliyekosea akiri mapema. Kama ningalijificha nyuma ya uwongo wa maradhi, ningalirudi na picha za nguzo peke yake.

Na mwisho, kila arudiye ajiulize kama amerudi kama maji, na ni ardhi gani iliyoota kwa kurudi kwake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wote, awarejeshe salama majumbani kwao, na atujaalie sisi sote kuwa waaminifu katika amana, kubwa na ndogo. Amin.